Kuwakinga Sungura na Joto Kali

Katika mwambao wa Tanzania, miezi ya Desemba hadi Machi huwa na joto kali. Wakati huo binadamu hutoka jasho, nalo jasho linapokauka hupoza mwili. Mbwa huhema huku ametoa ulimi nje. Je, sungura hufanyaje?

Sungura hatoki jasho la kutosha kumpoza, tena mwili wake umefunikwa na manyoya mazito. Tegemeo lake kubwa ni masikio. Tazama sikio la sungura penye mwanga. Utaona mishipa ya damu chini ya ngozi nyembamba. Damu yenye joto ipitapo humo, hupoteza joto lake hewani. Lakini hewa ikiwa na joto karibu sawa na la mwili, masikio hayawezi kumsaidia. Sungura aliyefungiwa katika banda lenye joto kali aweza kufa kwa mchana mmoja tu.

Jaribio
Saa sita mchana, tundika kipimajoto kimoja chini ya paa la bati na kingine chini ya paa la nyasi. Visome baada ya nusu saa. Ni paa lipi lifaalo kwa banda la sungura?

Banda
Jenga banda chini ya mti wenye kivuli, na uliezeke kwa nyasi au makuti. Pande ndefu zielekee kaskazini na kusini, nazo ziwe za waya ili hewa ipite. Pande fupi zizibwe kwa mbao, zizuie jua la asubuhi na la jioni. Usiwasonge sungura wengi pamoja. Ondoa kinyesi kila siku, maana huvuta nzi.

Maji na chakula
Maji safi yawepo usiku na mchana, katika chombo kizito kisichopinduka. Lisha asubuhi mapema na jioni, kwani sungura hula kidogo wakati wa joto.

Sungura aliyezidiwa na joto
Huhema upesi, hujinyoosha chini, na masikio yake huwa ya moto. Mpeleke kivulini, umlowanishe masikio kwa maji ya kawaida na kumpa maji ya kunywa. Usimtumbukize katika maji baridi, kwani mshtuko waweza kumwua. Kisha mwite bwana mifugo.

Maswali
1. Masikio humsaidiaje sungura?
2. Kwa nini pande fupi za banda huzibwa?
3. Taja dalili tatu za sungura aliyezidiwa na joto.