Herufi Tatu juu ya Karatasi ya Bei

Ninyi walimaji wa Naviundu na wa vijiji vilivyo pembeni ya Lubumbashi, mnajua vema ya kuwa bei ya mbolea ya duka hupanda mvua zikikaribia, wakati kila mtu anaitafuta. Kwa hiyo watu wakiungana katika chama, fikira hii huja upesi: tununue wenyewe kule Zambia, kamio moja nzima, kisha tugawane. Ni fikira nzuri. Lakini siku muuzaji wa Ndola anapoleta karatasi yake ya bei, mtaona kando ya hesabu herufi tatu: EXW, au DAP, au CPT. Wengi huzipita herufi hizo kama alama ya duka, wakatazama hesabu tu. Hapo ndipo feza za chama zinapoanza kupotea.

Fahamuni jambo hili: bei bila mahali si bei. Mtu akikuambia, "Mfuko wangu wa muhogo ni franka kadha wa kadha," utamwuliza kwanza, "Shambani kwako ama mlangoni pangu?" Ukiwa na akili utamwuliza tena, "Na baiskeli ikianguka mtoni, muhogo uliolowa ni wako ama wangu?" Biashara ya mbali ina maswali yale yale. Nani analipa njia? Nani anatengeneza karatasi za mpaka? Hasara ikitokea njiani, ni ya nani? Zile herufi tatu ndizo majibu.

Maneno hayo hayakutungwa na serikali yo yote. Yalitolewa mara ya kwanza mwaka 1936 na Chama cha Biashara cha Kimataifa, chenye ofisi yake kubwa Paris, katika Ufaransa. Zamani wauzaji wa nchi mbalimbali walitumia neno moja, kila mtu na maana yake, halafu wakashitakiana barazani. Sisi wa Katanga tulikuwa tumekwisha kuingia katika biashara hiyo: gari la moshi kutoka kusini lilifika hapa mwaka 1910, na njia ya kwenda bandari ya Lobito iliungwa mwaka 1931. Jina la maneno hayo ni Incoterms. Yamegeuzwa mara nyingi. Yale yanayotumika sasa ni ya mwaka 2020, nayo ni 11. Sitayaeleza yote, maana mtu anayekwenda kupalilia hachukui vyombo vyote vya nyumbani.

Tuanze na hesabu. Hizi si bei za soko, ni hesabu ya kujifunza tu. Chama chenu kinataka mifuko 600 ya mbolea, kila mmoja kilo 50, yaani tani 30. Muuzaji wa kwanza anaandika: dolari 30 kwa mfuko, EXW Ndola. Wa pili anaandika: dolari 37 kwa mfuko, DAP Naviundu. Watu wa mkutano watapiga makofi kwa yule wa kwanza. Dolari 7 katika kila mfuko! Wengine watamwita wa pili mwizi.

Ngojeni. EXW maana yake: mali iko ghalani mwangu, njoo uichukue. Muuzaji hapakii hata mfuko mmoja juu ya kamio, na karatasi za kutoa mali katika Zambia si kazi yake. Basi tuongeze. Mifuko 600 kwa dolari 30 ni 18,000. Wapakiaji 150. Karatasi za kutoka Zambia 300. Kamio kutoka Ndola hata Naviundu 2,700. Bima, ile wanayoita asiransi mjini, 180. Kamio inalala siku tatu katika mstari wa Kasumbalesa, na mwenye kamio anadai dolari 200 kwa kila siku: 600. Jumla 21,930. Gawanyeni kwa mifuko 600, mtaona dolari 36 na senti 55.

Sasa yule "mwizi". DAP Naviundu maana yake: nitaifikisha mbolea Naviundu, juu ya kamio, tayari kushushwa, njia ni juu yangu, na hasara ya njiani ni juu yangu. Mifuko 600 kwa dolari 37 ni 22,200. Tofauti yote ni dolari 270, si 4,200 kama mlivyofikiri. Kamio ikilala siku mbili zaidi, bei ya chini imekwisha kuwa bei ya juu. Tena kwa EXW mvua ikipenya turubai karibu na Chingola, mbolea iliyogeuka jiwe ni yenu. Kwa DAP ni yake. Angalieni: ushuru wa kuingiza mali katika Kongo sikuutia katika hesabu, sababu kwa EXW na kwa DAP ni juu ya mnunuzi. Wabebaji wa kushusha pia ni wenu. Na kamio ya DAP ikilala mpakani kwa sababu ninyi mlichelewa na karatasi za Kongo, siku zile zitaandikwa juu yenu, wala msimlaumu muuzaji.

Kulala mpakani si hadithi. Wale mnaokaa karibu na njia kubwa ya Kasumbalesa mnaona mstari wa kamio kwa macho. Katika mwezi wa 8 wa mwaka 2024, baada ya ugomvi juu ya vinywaji ambavyo Kongo ilikataza kuingizwa, Zambia ilifunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache. Kila kamio iliyosimama siku zile ilikuwa na mtu wa kulipa kusimama kwake, na herufi tatu juu ya karatasi zilikuwa zimekwisha kusema ni nani.

Kuna neno la katikati: FCA. Hapo muuzaji anatengeneza karatasi za kutoka katika nchi yake, anaikabidhi mali kwa mwenye kamio mliyemchagua ninyi, na tangu hapo mambo ni yenu. Mkiona lazima kutuma kamio yenu wenyewe Ndola, ombeni FCA, msikubali EXW. Mtu wa Kongo asiye na biashara iliyoandikwa Zambia atahangaika sana kutafuta karatasi za kutolea mali katika nchi isiyo yake, na mwenye ghala huzipata bila taabu.

Sasa nitawaonyesha mtego, nanyi msome polepole. Muuzaji wa tatu anaandika: CPT Lubumbashi. Anawaambia kwa kinywa, "Nimelipa kamio mpaka Lubumbashi." Ni kweli, amelipa. Ninyi mnafikiri ni sawa na DAP. Hapana! Katika CPT muuzaji analipa njia, lakini hasara inakuwa ya mnunuzi tangu saa ile mali inapokabidhiwa kwa mwenye kamio wa kwanza, kule Ndola. Kamio ikipinduka, muuzaji atasema, "Pole sana, nimemaliza kazi yangu," na baraza litampa haki. Tena CPT haimlazimishi kuwatafutia bima. Ndugu yake CIP humlazimisha muuzaji kulipa bima kwa faida ya mnunuzi; hiyo ni afazali, ijapokuwa hasara bado ni yenu na ninyi ndio mtakaokwenda kudai kwa watu wa bima. Maneno yote yanayoanza na C yana tabia hiyo: mwenye kulipa njia si mwenye kubeba hatari. Yanayoanza na D, muuzaji anabeba vyote viwili mpaka mahali palipoandikwa.

Katika hayo ya D kuna DPU, ambapo muuzaji anashusha mali pia, na DDP, ambapo analipa hata ushuru wa Kongo. DDP ni tamu masikioni. Lakini ulizeni kama muuzaji yule anaweza kweli kuingiza mali katika Kongo, kama ana namba ya kuingiza na kutoa mali, kama ana mtu wa kumsimamia mbele ya duane. Kama hana, kamio itakaa Kasumbalesa na utamu utakwisha.

Yako maneno manne ya meli peke yake: FAS, FOB, CFR na CIF. FOB maana yake muuzaji anaiweka mali ndani ya meli iliyoletwa na mnunuzi, na tangu hapo hatari ni ya mnunuzi. Nawaambia hivi kwa sababu watu wengi wa biashara huandika "FOB Kasumbalesa". Mkiona hivyo, mwulizeni mwandishi meli yake imefungwa kwenye mti gani. Pengine yeye ana maana ya kuikabidhi mali mpakani, lakini upande gani wa mpaka, na ushuru umelipwa ama bado? Aandike mambo hayo wazi, ama achague neno linalofaa kamio.

CIF itawahusu kama mbolea inatoka ng'ambo ya bahari. CIF Dar es Salaam maana yake muuzaji amelipa mali, bima na meli mpaka Dar es Salaam. Lakini hatari ilikuwa yenu tangu mali ilipopakiwa melini katika bandari ya mbali, na bima ya CIF, msipoomba kubwa zaidi, ni ile ndogo kabisa isiyoshika kila hasara. Na Dar es Salaam si Naviundu. Kutoka pale kuna gharama za bandari, karatasi za kupita Tanzania na Zambia, na njia ya kilometa karibu 2,000. Bei ya CIF Dar es Salaam ni kama bei ya ng'ombe aliye ng'ambo ya mto wakati wa mafuriko.

Katika karatasi za Kifaransa CIF huandikwa CAF. Ni neno lile lile, msidanganyike. Tena duane ya Kongo, jina lake DGDA, huhesabu ushuru juu ya bei ya CAF, yaani bei ya mali pamoja na bima na njia. Hata mkinunua EXW, gharama za njia ya kufika mpakani zitaongezwa kwanza, kisha ushuru utahesabiwa juu ya jumla. Chama kikiweka feza ya ushuru kwa kutazama bei ya ghalani tu, feza hiyo itapungua mpakani. OCC, wanaopima wema na wingi wa mali, nao wana malipo yao.

Kwa kuwa ninyi mnakaa karibu na machimbo, kuna jambo jingine lenye mzizi ule ule. Shaba inayopita mbele yenu kwenda Dar es Salaam, Durban ama Lobito ina bei yake pia, na swali ni lile lile: bei ya wapi, nani anaondoa gharama za njia? Sheria ya machimbo ya mwaka 2002 iliruhusu gharama za kusafirisha, za kupima, za bima na za kuuza zitolewe kwanza, kisha malipo ya machimbo yakahesabiwa juu ya kilichobaki, 2 kwa mia. Sheria iliyogeuzwa mwaka 2018 inahesabu juu ya bei nzima, na kwa shaba ni 3.5 kwa mia. Malipo hayo hugawanywa: 50 kwa mia kwa serikali kubwa, 25 kwa jimbo, 15 kwa shefferi, sekta ama komini yenye machimbo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo.

Tuseme shaba ya dolari 10,000,000, na gharama za njia na kuuza 1,500,000. Hata kwa kiasi kile kile cha 3.5 kwa mia, kutozitoa gharama hizo kunaongeza malipo dolari 52,500, na fungu la 15 kwa mia linaongezeka dolari 7,875. Hizo ni feza za kisima ama za mabati ya shule. Mkiwa katika mkutano na wakubwa wakisoma hesabu za machimbo, mna haki ya kuuliza kama gharama za njia zimetolewa kabla ya kuhesabu.

Turudi kwa mbolea yenu. Neno liandikwe pamoja na mahali kamili na mwaka: "DAP Naviundu, Lubumbashi, Incoterms 2020." Mkiandika "DAP Kongo" shofere anaweza kushusha Kasumbalesa akawa amefanya haki. Mahali pawe na jina la ghala ama la njia, tena pawe mahali kamio ya tani 30 inapoweza kufika mvua ikinyesha. Na jueni kwamba herufi tatu hazisemi siku ya kulipa, wala saa ambayo mali inakuwa yenu kisheria, wala mtakalofanya kama mifuko ni pungufu ama mbolea si ile mliyoomba. Kila moja la mambo hayo liandikwe katika mstari wake, kwa maneno ya kawaida, kabla mwenye feza za chama hajafungua sanduku.