Bawa, Upepo na Uwanja wa Bukoba

Msafiri aliyetoka Muleba alfajiri ili kuwahi ndege mjini Bukoba hukasirika, wala hatumlaumu, aambiwapo kuwa ndege ilizunguka juu ya ziwa kisha ikaelekea Mwanza bila kutua. Sababu ya uamuzi huo mara nyingi imo katika bawa.

Bawa la ndege halipigi hewa kama la korongo. Rafadha, yaani yale mapanga yanayozungushwa na injini, huvuta chombo mbele, na bawa lililoinuliwa kidogo kwa mbele huielekeza hewa chini. Mgandamizo wa hewa juu ya bawa hupungua, wa chini huzidi, na ndege hunyanyuka. Aliyewahi kutoa kiganja nje ya dirisha la basi (jambo tusilolishauri) ameihisi nguvu hiyo. Mkia huiweka ndege sawa, na vibao vinavyoteremshwa nyuma ya mabawa wakati wa kutua huiwezesha kwenda polepole bila kuanguka.

Nguvu ya kunyanyua hutokana na kasi ya hewa inayopita kwenye bawa, si kasi ya chombo juu ya ardhi. Kasi hiyo ikishuka hadi nusu, na bawa likabaki katika mwinamo uleule, nguvu hubaki robo tu. Kwa hiyo upepo unaogeuka ghafula ndege ikiwa karibu na maji ni hatari kubwa. Uwanja wa Bukoba uko ufukweni mwa Ziwa Viktoria, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na dhoruba za ziwani hazichelewi kufika.

Tarehe 6 Novemba 2022, katika hali mbaya ya hewa, ndege aina ya ATR 42 iliyotokea Dar es Salaam ikiwa na watu 43 iliangukia ziwani karibu na uwanja huo. Watu 19 walifariki. Wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika, na mkia ndio ulioonekana juu ya maji.

Katika ATR abiria hupandia mlango wa nyuma, kwa hiyo wengi huusahau mlango wa dharura ulio mbele. Uketipo, hesabu safu za viti hadi kila mlango, maana gizani au majini utautafuta kwa mikono. Jaketi okozi livae ndani, lakini usilijaze hewa kabla ya kutoka: likijaa, maji yakiingia litakuinua hadi darini na kukuzuia kuufikia mlango.

Ndege ikighairi kutua, una haki ya kuuliza sababu na utaratibu wa safari yako. Mwulize mhudumu wa shirika; rubani mwacheni aamue.