Waashi wa Chokaa Sebuleni

Nyumba za kale za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zimejengwa kwa matumbawe mara mbili. Mawe ya kuta ni matumbawe. Chokaa iliyoyashika, pamoja na lipu iliyopakwa juu yake, ni matumbawe yaliyochomwa tanuuni. Moto wa kiasi cha nyuzi 900 huifukuza hewa ya kaboni iliyofungwa ndani ya jiwe. Kinachobaki humwagiwa maji, kikatokota na kuvimba, kikawa unga mweupe ambao kila fundi wa pwani anaujua.

Tangi la kioo lililoko sebuleni kwangu, la lita 300, hufanya kazi hiyo kinyumenyume. Kila usiku linadondoshewa maji ya chokaa tone kwa tone, na kukipambazuka chokaa hiyo imeshaanza kurudi kuwa jiwe chini ya ngozi ya wanyama. Wageni wangu hutazama rangi. Mimi huwatazama waashi, maana nimewaona watu wengi wakinunua taa ya bei ghali na samaki wa kupendeza, kisha wakashindwa na hesabu ya chokaa.

Tuwajue kwanza wanyama wenyewe. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipu, kila mmoja mfuko laini wenye mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri. Kwa matumbawe magumu, kila polipu hujijengea kikombe cha jiwe chini yake, na vikombe hivyo vikiungana kwa maelfu ndipo tunapopata mwamba. Mwashi wa pili ni kombe, mnyama wa gamba (si lile la mpira), na ninaowazungumzia hapa ni wale wa jenasi ya Tridacna. Wanaojulikana zaidi pwani yetu ni Tridacna maxima na Tridacna squamosa. Aliyewahi kutembea juu ya mwamba wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa, huenda amekutana nao: midomo ya buluu, kijani au hudhurungi iliyobanwa ndani ya jiwe, ambayo ukiipitishia kivuli inafumba ghafla. Jamaa yao mkubwa kuliko wote, Tridacna gigas, huzidi mita moja na kilo 200, na makao yake yako mbali mashariki, upande wa Pasifiki.

Tumbawe na kombe hawana udugu wa karibu, ila wote wawili wanaishi na wapangaji walewale: mwani wa seli moja, mdogo usioonekana kwa macho. Vimwani hivyo hupokea mwanga, hutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humwachia mwenye nyumba. Ndani ya tumbawe vinakaa katika seli za polipu. Ndani ya kombe vinakaa katika vijirija vinavyotoka tumboni na kutawanyika kwenye ile nyama ya rangi inayotandazwa nje ya gamba, tuiite joho. Rangi za joho zina kazi yake. Zinatoka kwa seli zinazometameta ambazo huusambaza mwanga mwekundu na wa buluu ndani, kwa vimwani vilivyojipanga kwa safu, na kuurudisha nje ule wa kijani na wa manjano ambao vimwani havina haja nao sana. Ukingoni mwa joho kuna mamia ya macho madogo, matundu tu yasiyo na lenzi. Hayo ndiyo yanayokiona kivuli chako.

Sasa chokaa. Mwashi wetu huchanganya vitu viwili, kalsiamu na kaboneti. Kaboneti tunaikisia kwa kupima kiwango cha alkali, na wafugaji duniani kote wamezoea kipimo cha Kijerumani kiitwacho dKH. Maji ya bahari huwa na kalsiamu ya kiasi cha miligramu 410 hadi 420 kwa lita, na alkali ya takriban dKH 7. Tangini wengi hupendelea 8 au 9. Magnesiamu nayo, kama miligramu 1,300 kwa lita, huingia ukutani kwa uchache. Kazi yake kubwa ni kuvizuia vile viwili visigandane ovyo majini kabla mnyama hajavipata.

Tuseme tangi la lita 300 lililoshiba matumbawe linapoteza dKH 1 kila siku. Hizo ni gramu tano na ushei za jiwe. Kwa mwaka mmoja zinakaribia kilo mbili za mwamba mpya, zilizotoka kwenye maji unayoyaona meupe kama ya kunywa! Lakini tazama kalsiamu: siku hiyohiyo imeshuka miligramu saba tu kwa lita, kutoka 420 hadi 413, tofauti ambayo vipimo vingi vya nyumbani haviioni. Alkali imetoka 8 ikafika 7, yaani imepoteza sehemu moja kwa nane. Anayepima kalsiamu peke yake atajiona yuko salama wiki nzima huku waashi wake wameishiwa. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue kipimo gani kwanza, namwambia cha alkali, tena kabla hajafikiria taa ya pili. Apime saa ileile kila mara, aandike kwenye daftari. Tumbawe laweza kuishi kwenye dKH 7 na laweza kuishi kwenye 10. Kulipeleka kutoka 7 hadi 10 kwa siku mbili ndiko kunakolichuna ngozi kuanzia kwenye ncha.

Kombe anayekua huyazidisha matumizi haya kwa kiasi kinachoshangaza, kwa sababu gamba lake ni zito. Mtazame ukingoni: kama kuna mstari mweupe safi wa gamba jipya, anajenga. Mstari ukipotea kwa mwezi mzima, rudi kwenye daftari lako.

Kurudisha kilichotumika, njia ninayoipenda ni ile ya fundi wa Lamu. Mswisi Peter Wilkens aliwafundisha wafugaji wa Ulaya katika miaka ya 1970 kutumia kitu ambacho Wajerumani hukiita Kalkwasser, na maana yake ni hiyohiyo: maji ya chokaa. Unayeyusha gramu moja na nusu hivi za chokaa iliyozimwa katika kila lita ya maji safi yasiyo na chumvi, unaacha machujo yatuame, unatumia maji maangavu ya juu. Uzuri wake ni kwamba tangi linahitaji maji hata hivyo. Katika joto la pwani, feni ikipuliza juu, tangi kama langu hupoteza lita tatu au zaidi kwa siku. Kinachopaa ni maji matupu, chumvi inabaki, kwa hiyo pengo hujazwa kwa maji baridi, kamwe si ya bahari. Na lita tatu zilizokolea chokaa hubeba kiasi cha kutosha kuirudisha ile dKH moja iliyoliwa. Usiku ndio wakati wake, kwa kuwa gizani vimwani havitumii hewa ya kaboni, maji huelekea kuwa na tindikali kidogo zaidi, na chokaa, ambayo pH yake inapita 12, huyasawazisha.

Hiyo 12 ndiyo hatari yake pia. Mwaka wangu wa kwanza, kijibomba cha matone kililegea usiku na ndoo nzima ikamiminika kwa saa moja. Niliamka nikakuta tangi jeupe kama tui la nazi. Kosa lilikuwa langu. Nilikifunga kwa mkono bila kibano. Kombe alifumba siku nne kisha akafunguka, matawi mawili ya tumbawe aina ya Acropora hayakupona. Vaa miwani unapochanganya, na usitumie chokaa ya kupaka ukuta, kwa sababu haijasafishwa na hujui imechanganywa na nini. Waashi wakizidi, chokaa inayoingia na maji ya kujazia haitoshi tena. Hapo watu huongeza kloridi ya kalsiamu na soda ya kuokea, kila moja kwa wakati wake, maana zikikutana kabla hazijasambaa hugandana palepale.

Kuhusu maji yenyewe sitakawia. Anayekaa pwani anaweza kuteka bahari maji yakiwa yamejaa, mbali na mito na mifereji ya mji. Wa bara atachanganya chumvi maalumu na maji yaliyochujwa kwa mashine ya osmosisi. Lengo ni gramu 35 za chumvi kwa lita na joto la nyuzi 25 hadi 27. Tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita kabla bakteria wa kugeuza amonia hawajakaa sawa. Kombe asiingie humo mpaka miezi kadhaa ipite na vipimo vitulie. Mji wako ukiwa na tabia ya kukatika umeme, nunua pampu ya hewa ya betri kabla ya kununua tumbawe la kwanza. Shaba, hata chembe, huwaua wanyama hawa, kwa hiyo dawa za samaki zenye shaba zisikaribie tangi.

Kuna imani moja inayowaponza hata wazoefu, kwamba maji yakiwa masafi kabisa ndiyo bora. Kombe hufyonza amonia na nitreti kutoka majini na kuvilisha vimwani vyake kwa hizo. Tangi lenye nitreti sifuri ni shamba lisilo na mbolea: matumbawe hupauka, joho hunywea, na mwenye tangi hukimbilia kuongeza mwanga, jambo linalozidisha madhara. Nitreti ya miligramu tano kwa lita hainisumbui hata kidogo. Samaki wachache wanaolishwa vizuri ndio mbolea yenyewe, mradi usiingize kitatange au kikande, ambao joho la kombe ni kitoweo chao.

Unapomnunua kombe, mpitishie mkono juu. Asiyefumba, au aliyeachama huku tundu lake la kuvutia maji likiwa wazi kupita kiasi, mwache. Kisha mwombe muuzaji akuonyeshe chini, kwenye uwazi ambao nyuzi za kujishikizia hutokea. Kombe wangu wa kwanza alibanduliwa kwenye jiwe mbele ya macho yangu na mfanyabiashara mwenye haraka. Nyuzi zilikatika pamoja na shina lake, na mnyama hakumaliza siku kumi. Nyuzi hukatwa kwa wembe, taratibu, karibu na jiwe. Nyumbani, mmulike kwa tochi usiku: konokono weupe wadogo kama punje za mchele pembeni mwa gamba ni wanyonyaji, na wanaondolewa kwa mswaki.

Kwa anayeanza, ningemchagulia Tridacna derasa, anayekaa mchangani na kuvumilia mwanga wa wastani. Maxima na crocea, wenye rangi zinazoteka macho, wanataka kuwa juu ya jiwe karibu na taa kali, tena wazoeshwe mwanga huo kwa wiki kadhaa. Upande wa matumbawe, anza na yale laini ya ngozi, Sarcophyton na jamaa zake, ambayo hayadai chokaa nyingi. Ukimaliza mwaka bila msiba, jaribu Euphyllia, lakini mwachie nafasi ya shubiri moja pande zote, maana usiku hurefusha minyiri na kumchoma jirani. Acropora awe wa mwisho.

Tumbawe lililostawi hugawanywa kama muhogo. Unakata tawi kwa koleo kali, unaligandisha kwenye kipande cha jiwe kwa gundi ya haraka, ile nzito, ambayo hushika hata ndani ya maji, na baada ya wiki chache nyama hutambaa na kuifunika gundi. Tahadhari moja nzito: baadhi ya zoantho, wale wanaoonekana kama vifungo vya rangi, wana palitoksini, sumu kali sana. Usiwakate bila glavu na miwani, na kamwe usichemshe mawe yenye wanyama hao. Watu wamelazwa hospitali kwa kuvuta mvuke wake.

Ufugaji huu ulianza kwa kuchukua baharini. Lee Chin Eng wa Jakarta, aliyeeleza njia yake mwaka 1961 katika jarida la Kimarekani la Tropical Fish Hobbyist, alikuwa na bahari karibu, mawe yenye viumbe hai, jua na viputo vya hewa, basi. Leo hakuna sababu ya kumng'oa kombe mwambani. Huko Palau, Gerald Heslinga na wenzake walifanikiwa kuzalisha derasa kwa wingi katika madimbwi ya nchi kavu, na visiwa kadhaa vya Pasifiki hufuga kombe kwa ajili ya matangi. Kifaranga wa kombe hazaliwi na vimwani. Huvipata majini, kwa hiyo mfugaji humpa mwenyewe siku za mwanzo. Ni kazi ya miaka miwili hivi hadi kumpata wa kuuzwa, na bei yake inaeleweka.

Kombe wote wa Tridacna na matumbawe yote magumu wamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES. Kuwavusha mpaka bila kibali ni kosa, na kuwachukua ndani ya hifadhi zetu za bahari ni marufuku. Basi ukikutana na mtu anayekuuzia kombe hai, kabla ya kuuliza bei muulize alizaliwa shamba gani na kibali kiko wapi. Akianza kubabaika, rudisha pochi mfukoni uende zako.