Kamera Mpya Inayosubiriwa: Ahadi, Gharama na Haki za Mlaji

Kila kampuni inapotangaza kamera mpya, wapiga picha wengi huanza kuhesabu siku. Wapo wanaouza kamera walizonazo ili kukusanya fedha, wapo wanaochukua mkopo, na wapo wanaolipa arbuni dukani kwa bidhaa ambayo haijaingia nchini. Kwa mtu ambaye riziki yake ni picha za harusi na mahafali, uamuzi huo ni mzito. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mlaji anapaswa kuyapima kabla ya kutoa fedha zake.

Kamera isiyo na kioo

Katika kamera za mtindo uliotangulia, kioo kilicho nyuma ya lenzi huelekeza mwanga kwenye kidirisha cha kuchungulia. Kitufe kinapobonyezwa, kioo huinuka na mwanga hufika kwenye kihisi kinachonasa picha. Kamera isiyo na kioo imeondoa kiungo hicho: mwanga huangukia kihisi moja kwa moja, na mpiga picha huitazama taswira katika skrini ndogo ya kielektroniki. Faida yake ni kwamba mtu huweza kutambua kabla ya kubonyeza kama picha itakuwa na mwanga mwingi au hafifu. Hasara yake ni kwamba kihisi na skrini hufanya kazi wakati wote, hivyo betri huisha upesi zaidi.

Tangazo na bidhaa ni vitu viwili

Mfano wa Canon EOS R5 unafundisha mengi. Mwezi Februari 2020 kampuni ilitangaza kuwa inaitengeneza kamera hiyo, nayo ingeweza kurekodi video za 8K. Matarajio yakawa makubwa. Ilipozinduliwa rasmi mwezi Julai mwaka huo, kampuni yenyewe ilieleza kwamba kurekodi 8K kungeendelea kwa takriban dakika 20 tu katika joto la nyuzi 23 za Selsiasi, kisha kamera ingesimama ili ipoe. Kwa picha za kawaida, kamera hiyo yenye megapikseli 45 ilikuwa bora sana. Lakini aliyetaka kurekodi hotuba ya saa nzima kwa 8K hakupata alichokitarajia, na mnunuzi wa Dar es Salaam, ambako joto la mchana hupita nyuzi 30, alikuwa na sababu zaidi ya kuyasoma maelezo hayo. Baadaye kampuni ilitoa masasisho ya programu yaliyopunguza tatizo hilo. Aliyesubiri alinunua akijua anachokinunua.

Funzo ni hili: usinunue sifa iliyoahidiwa, nunua sifa iliyokwisha kuthibitishwa. Subiri orodha kamili ya sifa, soma masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, na ulizia uzoefu wa watu waliokwisha kuitumia kamera katika kazi inayofanana na yako.

Gharama zilizojificha

Bei ya kamera pekee haitoshi kufanyia bajeti. Lenzi za zamani huenda zisiingie kwenye kamera mpya bila adapta. Picha kubwa na video za 8K huhitaji kadi za kumbukumbu zenye kasi kubwa, ambazo bei yake ni ya juu, pamoja na kompyuta yenye uwezo wa kuzihariri. Betri za akiba nazo ni lazima. Fikiria pia uhai wa mfumo wenyewe: Nikon ilianzisha mfumo wa Nikon 1 mwaka 2011 na kuusitisha mwaka 2018, na lenzi zake hazikutengenezwa kwa ajili ya kamera za Nikon Z zilizofuata.

Aidha, toleo jipya linapotoka, bei ya lililotangulia mara nyingi hushuka. Kwa kazi nyingi, kamera ya jana inatosha.

Kabla ya kulipa

Ukilipa arbuni, dai hati inayotaja jina kamili la kamera, bei ya mwisho, tarehe ya kukabidhiwa, na utaratibu wa kurudishiwa fedha endapo kamera haitafika au bei itabadilika. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha.

Siku ya kupokea, linganisha namba ya utambulisho iliyo kwenye kamera na ile iliyo kwenye boksi. Uliza waranti inatolewa na nani, na kama inakubalika hapa nchini, kwani kamera iliyokusudiwa soko la nchi nyingine huenda isihudumiwe bila malipo. Ijaribu ukiwa dukani, na kagua betri na kadi, kwa kuwa bidhaa hizo hughushiwa mara kwa mara. Dai risiti ya EFD na uihifadhi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mienendo ya kupotosha au kudanganya katika biashara. Mlaji aliyeuziwa kamera isiyolingana na maelezo aliyopewa aanze kwa kumwandikia muuzaji, akiambatisha nakala ya risiti. Asiporidhika, awasilishe malalamiko yake kwa Tume ya Ushindani pamoja na vielelezo vyote.