Kidole Kimepatia, Simu Imechelewa

Kijana aliyekulia kwenye kwaya huko Makobola, mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, kando ya barabara ya taifa namba 5 inayotoka Uvira kwenda Baraka na Fizi, ana sikio ambalo shule nyingi za muziki zingelitamani. Tangu utotoni amepiga makofi yanayopishana na ngoma, ameitikia wakati sauti ya pili inaingia nusu pigo baadaye, amecheza sebene bila kuhesabu. Mpe simu ya itel au Tecno yenye mchezo wa mdundo, ule ambao vigae vinashuka kwenye kioo nawe unavigusa vikifika mstarini sambamba na wimbo. Simu hiyo inaweza kumwambia amekosa, tena na tena, hadi aamini kwamba vidole vyake ni vizito. Mara nyingi vidole havina tatizo. Tatizo liko kwenye saa ya simu, na linaelezeka.

Michezo ya namna hii ilipata sura yake Japani. PaRappa the Rapper wa Masaya Matsuura ulitoka mwaka 1996, na Beatmania wa kampuni ya Konami ukafuata 1997. Simu za kugusa zilipoenea, michezo hiyo iliingia mifukoni. Rayark ya Taiwan ilitoa Cytus mwaka 2012 na Deemo mwaka 2013. Kwa ndani, yote ina vitu viwili. Kuna wimbo wenyewe, na kuna faili dogo linaloorodhesha kila pigo: linakuja milisekunde ya ngapi tangu wimbo uanze, na upande gani wa kioo. Mchezo hulinganisha orodha hiyo na wakati kidole chako kilipogusa, kisha hukupa daraja.

Hesabu yake ni kali. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila milisekunde 500, na robo ya pigo ni milisekunde 125. Ili upate daraja la juu, katika michezo mingi kidole hakiruhusiwi kupishana na pigo zaidi ya makumi machache ya milisekunde. Sasa fuata safari ya sauti. Programu inaikabidhi kwa Android, Android inaikata vipande na kuvipanga foleni, chipu inavigeuza kuwa umeme, ndipo spika inatikisika. Kila kituo kinakula muda wake. Katika simu za Android za miaka ya mwanzo, safari hiyo ilipita milisekunde 100 bila shida. Google ilileta njia fupi iitwayo AAudio katika Android 8.0 ya mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikawapa watengenezaji maktaba ya Oboe ili waitumie kwa urahisi. Lakini njia fupi inafaa pale tu mtengenezaji wa simu alipoitandika vizuri hadi kwenye chipu, na katika simu za bei ya chini kazi hiyo mara nyingi huachwa nusu.

Ukiongeza vipokea sauti vya Bluetooth, kuchelewa kunaweza kufika milisekunde 200 au zaidi. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 200 ni sawa na kusimama mita 68 kutoka kwa mpiga ngoma huku ukitakiwa kwenda naye pigo kwa pigo. Macho yanaona kigae kimefika, masikio yanasikia pigo baadaye. Unamfuata nani? Mtu asiyejua muziki anafuata macho, na mchezo unamsifu. Aliyelelewa na muziki anafuata sikio, na huyo ndiye anayeadhibiwa. Hili linaniudhi kuliko kasoro nyingine zote za michezo hii. Kadiri unavyoujua mdundo, ndivyo simu mbovu inavyokuhukumu vibaya.

Dawa ipo, na katika michezo mingi imefichwa kwenye mipangilio. Mchezo unapiga mlio wa kurudiarudia, wewe unagusa kioo kwa kuufuata, nao unachukua wastani wa tofauti na kuusogeza mstari wa hukumu kwa kiasi hicho. Wastani huo unabeba pia tabia ya mwili wako. Watafiti wa muziki wamejua kwa miaka mingi kwamba binadamu akigonga kwa kufuata mlio wa kawaida, kidole chake huutangulia kwa milisekunde kadhaa, wakati mwingine makumi, bila yeye kuhisi. Fanya zoezi hilo huku umefumba macho, ukitumia spika au vipokea sauti vile vile utakavyochezea. Ukibadili kifaa, rudia.

Kusawazisha huko kunatibu ucheleweshaji ulio thabiti tu. Simu ikichelewesha milisekunde 90 sasa, 140 baada ya muda, halafu 100, hakuna wastani utakaokuokoa. Yumbayumba hiyo huja kumbukumbu ya simu ikijaa, ikipata joto, au ikiingia kwenye hali ya kubana betri. Mahali ambapo simu hulishwa na paneli ya sola na chaji inahesabiwa, watu huacha hali ya kubana betri ikifanya kazi siku nzima. Izime unapocheza, funga programu nyingine, tumia waya badala ya Bluetooth. Mtengenezaji naye ana wajibu wake: vigae visogezwe kwa kuuliza sauti imefika wapi, kamwe visisogezwe kwa kuhesabu picha za kioo. Simu ikizidiwa, picha zitarukaruka, lakini kila kigae kitabaki kwenye pigo lake.

Tukimaliza suala la saa, linakuja suala la mapigo yenyewe, na hapa ndipo ningependa kukaa zaidi. Orodha nyingi za mapigo huandikwa juu ya gridi: pigo linagawanywa mbili, nne, nane. Muziki wa ngoma katika sehemu kubwa ya Afrika ya kati na mashariki hupenda mzunguko wa vipigo 12, unaoweza kusikika kama makundi manne ya vitatu au makundi matatu ya vinne kwa wakati mmoja. Mkono mmoja unashika hesabu hii, makofi ya waimbaji yanashika ile. Gridi ya 12 si kazi ngumu kwa programu. Kazi ngumu ni kwamba mpigaji hodari haketi juu ya gridi. Anavuta kipigo kimoja mbele kidogo, anakawiza kingine, na anafanya hivyo kila mzunguko kwa namna ile ile. Programu inayotafuta mapigo yenyewe ndani ya rekodi, kisha kuyanyoosha yakae sawasawa, inaufuta ufundi huo na kumwita mwenye nao mkosaji.

Njia ya kuurekodi bila kuunyoosha ilibuniwa zamani. Arthur Morris Jones, mmisionari Mwanglikana aliyefanya kazi Zambia, alitengeneza mashine ya kuandika mapigo. Mpigaji alishika kalamu ya metali na kugonga sahani ya metali. Kila mguso ulifunga saketi ya umeme na kuacha alama kwenye karatasi iliyokuwa ikisogea. Kwa mashine hiyo alifanya kazi na Desmond Tay, mpiga ngoma stadi wa Ghana, na matokeo yake yakatoka katika kitabu Studies in African Music mwaka 1959. Isimamishe wima karatasi ile nawe una kioo cha mchezo wa leo, isipokuwa mwelekeo umegeuzwa: kwa Jones mpigaji aliiandikia mashine, leo mashine inamwandikia mpigaji.

Ugeuze mwelekeo tena. Simu yoyote ya kugusa inaweza kufanya kazi ya mashine ile. Mpe mpiga ngoma wa Kibembe kutoka Fizi simu iliyosawazishwa, mpigie wimbo alioupiga mwenyewe, aguse pale mikono yake inapotua, na yeye awe ndiye mwandishi wa orodha. Rudia naye mara kadhaa, chukua mahali kila kipigo kinapoelekea kukaa, usikisogeze. Kwaya za makanisa ya Kipentekoste ya CEPAC na CELPA zina wapiga gitaa la besi na wapiga kinanda wanaoweza kuandika sehemu zao hivyo hivyo. Rumba ya Kongo iliingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021, na ngoma za kifalme za Burundi, ng'ambo ya ziwa, ziliingia mwaka 2014. Orodha za mapigo zilizogongwa na wapigaji wenyewe zingewapa vijana njia ya kujifunza muziki huo kwa vidole.

Kinachomfanya mchezaji arudi ni nyimbo zilizofungwa na hadithi inayofunguka kidogo kidogo. Katika Deemo msichana ameanguka kutoka juu, na kila wimbo unaopigwa kwenye piano unaukuza mti atakaoupanda arudi alikotoka. Familia za Fizi zilizokimbilia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, hazihitaji kuelezwa maana ya kungoja kurudi. Makobola ilitajwa na dunia kwa sababu ya mauaji ya mwisho wa Desemba 1998. Wenyeji wana hadithi nyingine pia, za uvuvi, za ndoa, za safari za mitumbwi, na wao ndio wenye haki ya kuchagua ipi ifunguke kwa wimbo gani.

Nyimbo na hadithi hizo zifunguliwe kwa kucheza, zisifunguliwe kwa kununua. Mtu wa huko analipa kwa M-Pesa au Airtel Money, ilhali maduka ya programu yalijengwa juu ya kadi ya benki. Na mega zinauma. Wimbo wa dakika 3 ulioshindiliwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni karibu megabaiti 3, orodha yake ya mapigo ni chembe tu ya uzito huo, na maandishi ya hadithi ni mepesi vile vile. Nyimbo 40 zinatoshea katika megabaiti 120, furushi ambalo watu hupeana kwa Xender au kwa kadi ya kumbukumbu bila intaneti kabisa.

Bado kuna simu inayoibwa, inayozama ziwani, au inayoachwa nyuma watu wanapokimbia. Michezo mingi huhifadhi hatua za mchezaji kwenye seva ya mbali, jambo linalodai mtandao na akaunti. Nintendo ya miaka ya 1980 ilikuwa na mbinu rahisi zaidi: Metroid ulimpa mchezaji msururu wa herufi na tarakimu aunakili kwenye karatasi. Kwa nyimbo 40, kila mmoja ukiwa umefungwa au umefunguliwa, unahitaji biti 40. Ukitumia alama 32, yaani herufi na tarakimu chache zisizofanana kwa sura, kila alama inabeba biti 5, hivyo alama 8 zinatosha kurudisha kila kitu kwenye simu mpya. Ongeza alama 2 za kuhakiki, ili aliyekosea kunakili aambiwe papo hapo kabla hajapoteza nyimbo zake.