Nani humwamuru polisi? Kisa cha Wiltshire, kikosi kongwe zaidi cha kaunti nchini Uingereza

ALASIRI ya Jumapili, Machi 4, 2018, polisi wa mji wa Salisbury, kusini mwa Uingereza, waliitwa kuwatazama watu wawili waliozirai kwenye benchi karibu na maduka. Waliofika wa kwanza walidhani ni kisa cha kawaida cha dawa za kulevya.

Haikuwa hivyo. Waliozirai walikuwa Sergei Skripal, aliyekuwa afisa wa ujasusi wa Urusi ambaye aliwahi kuipelelezea Uingereza, na bintiye Yulia. Walikuwa wamegusa Novichok, sumu kali inayoshambulia mishipa ya fahamu, iliyopakwa kwenye kishikio cha mlango wa nyumba. Sajenti mmoja wa upelelezi aliyekwenda kuikagua nyumba hiyo naye aliugua na kulazwa.

Mzigo huo wa kimataifa uliviangukia kwanza vituo vya Wiltshire, kaunti ya mashamba na miji midogo ambayo polisi wake wamezoea zaidi wizi wa mifugo na vifaa vya shambani, ajali za barabarani na ugomvi wa walevi. Je, kikosi hiki kilitoka wapi? Nani hukiamuru? Na kinapokosea, nani hukiadhibu?

Majibu ya maswali haya yana faida hata kwa msomaji aliye mbali na Salisbury, kwa sababu yanahusu jambo linalosumbua mataifa mengi: jinsi ya kumpa polisi nguvu bila kumfanya mtumishi wa mwanasiasa.

Njaa, mashine na moto

Mwanzoni mwa karne ya 19, Wiltshire haikuwa na polisi wa kulipwa. Ulinzi wa kijiji ulikuwa mikononi mwa konstebo wa parokia, mwanakijiji aliyeteuliwa kwa zamu na ambaye aghalabu hakupata mshahara. Mtu wa namna hiyo aliweza kumkamata mwizi wa kuku. Kukabiliana na umati wenye hasira lilikuwa jambo jingine.

Umati huo ulijitokeza mwaka wa 1830. Vibarua wa mashambani, waliolipwa ujira duni na kunyang'anywa kazi ya msimu wa baridi na mashine za kupura nafaka, walianza kuzivunja mashine hizo kote kusini mwa Uingereza. Wiltshire iliathirika vibaya. Mnamo Novemba 25 mwaka huo, wapandafarasi wa kijeshi walipambana na vibarua huko Pythouse, karibu na kijiji cha Tisbury, na kibarua mmoja akauawa. Baadaye zaidi ya wanaume 100 wa kaunti hiyo walihukumiwa kusafirishwa hadi Australia.

Wenye mashamba walitoka katika tukio hilo na funzo moja: jeshi huja likiwa limechelewa, na likija huua. London ilikuwa tayari imepata kikosi chake cha polisi mwaka wa 1829, chini ya Waziri wa Masuala ya Ndani, Robert Peel. Mashambani hapakuwa na kitu kama hicho.

Mwaka wa 1839 joto la siasa lilipanda tena, safari hii kutokana na vuguvugu la Wachartisti waliodai haki ya kupiga kura kwa wanaume wote. Agosti mwaka huo, Bunge lilipitisha sheria iliyoziruhusu kaunti kuunda polisi wao, ingawa hazikulazimishwa. Idadi yao haikupaswa kuzidi konstebo mmoja kwa kila wakazi 1,000.

Wiltshire haikusubiri. Novemba 13, 1839, mahakimu wa kaunti waliamua kuunda kikosi, na hivyo kikawa cha kwanza cha aina yake chini ya sheria hiyo. Majirani zao wa Gloucestershire walifuata majuma machache baadaye. Kiongozi aliyechaguliwa alikuwa Samuel Meredith, kapteni wa jeshi la majini, aliyepewa cheo cha Konstebo Mkuu. Angekishikilia kwa takriban miaka 30.

Cheo hicho kina maana. Hakuitwa jenerali wala kamishna. Mkuu wa kikosi alikuwa, na angali ni, konstebo aliyetangulia wenzake.

Kazi ya kamati na fedha

Kaunti nyingi zilisitasita kwa kuhofia gharama. Walipa kodi walilalamika kwamba wanatozwa fedha za kuwalinda matajiri. Ndipo sheria ya mwaka wa 1856 ikazilazimisha kaunti zote za England na Wales kuwa na polisi. Ili kuituliza mioyo yao, serikali kuu iliahidi kulipa robo ya gharama za mishahara na mavazi, mradi wakaguzi wake waridhike kwamba kikosi kinafanya kazi ipasavyo.

Hapo ndipo mfumo wa Uingereza ulipopata umbo lake: kaunti yenye kikosi chake, na serikali kuu yenye mkaguzi na mfuko wa fedha. Yeyote kati yao akitaka kuvuta kamba peke yake, mwenzake humzuia.

Usimamizi wa upande wa kaunti umebadilika mara kadhaa. Hadi mwaka wa 1888 ulikuwa mikononi mwa mahakimu, ambao wengi wao walikuwa mabwana wenye mashamba. Kisha ikaja kamati ya pamoja ya mahakimu na madiwani. Sheria ya mwaka wa 1964 iliunda mamlaka za polisi, ambapo thuluthi mbili ya wanachama walikuwa madiwani na thuluthi moja mahakimu. Wakati huohuo vikosi vidogo vya miji vilikuwa vikimezwa na vya kaunti. Kikosi cha mji wa Salisbury kiliunganishwa na cha Wiltshire wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Mnamo Novemba 2012, mamlaka hizo ziliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na mtu mmoja anayechaguliwa na wapigakura, Kamishna wa Polisi na Uhalifu. Waliojitokeza kupiga kura England na Wales walikuwa takriban asilimia 15 tu.

Sheria inayomhusu kamishna ni kali. Wiltshire iliionja mwaka wa 2021, pale mshindi wa uchaguzi alipozuiwa kuapishwa kwa sababu ya kosa la zamani la kuendesha gari akiwa mlevi. Mtu aliyewahi kupatikana na hatia ya kosa linaloweza kumtia gerezani haruhusiwi kushika wadhifa huo, hata kama hakufungwa. Wakazi walilazimika kurudi debeni Agosti mwaka huo.

Hata hivyo, siku za makamishna zinahesabika. Novemba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba nyadhifa hizo zitaondolewa mwaka wa 2028.

Nani anafanya nini

Leo kikosi hicho hujulikana kama Wiltshire Police, na makao yake makuu yako katika mji wa Devizes. Hulinda eneo la mabaraza mawili: la Wiltshire na la Swindon, mji mkubwa zaidi kaskazini mwa kaunti. Ni kimoja kati ya vikosi 43 vya maeneo katika England na Wales. Scotland ina kikosi kimoja tangu mwaka wa 2013, na Ireland Kaskazini pia ina chake kimoja.

Ngazi za vyeo huanzia konstebo, kisha sajenti, inspekta, inspekta mkuu, msimamizi na msimamizi mkuu. Juu yao kuna Konstebo Mkuu, naibu na wasaidizi wake. Kando yao kuna polisi wa kujitolea ambao hutumikia bila mshahara lakini wana uwezo kamili wa kukamata, pamoja na maafisa wasaidizi wa jamii walioanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 2002, ambao hupiga doria mitaani wakiwa na mamlaka machache. Polisi walio wengi hawabebi bunduki. Silaha hukabidhiwa maafisa maalumu waliopewa mafunzo.

Fedha hutoka sehemu mbili: ruzuku ya serikali kuu na sehemu ya ushuru wa nyumba unaolipwa na wakazi.

Kamishna huandaa bajeti, hutoa mpango wa kukabiliana na uhalifu, na humteua au kumwondoa Konstebo Mkuu. Lakini hawezi kumwagiza amkamate fulani au amwachilie fulani. Waziri naye hawezi. Mnamo 1968, jaji mashuhuri Lord Denning alieleza katika kesi iliyohusu polisi wa London kwamba katika kazi ya kutekeleza sheria, mkuu wa polisi huwajibika kwa sheria peke yake. Kila konstebo pia hula kiapo chake mwenyewe, na uwezo wake wa kukamata ni wake kisheria. Hakukopeshwa na bosi wake.

Mkenya ataitambua kanuni hii. Kifungu cha 245 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinamkataza mtu yeyote kumwamuru Inspekta Jenerali kuhusu uchunguzi wa kosa fulani au utekelezaji wa sheria dhidi ya mtu fulani. Tofauti iko katika asili. Waingereza walipounda polisi katika makoloni yao, aghalabu hawakuuchukua mfano wa Wiltshire. Waliuchukua ule wa Ireland: kikosi kimoja chenye silaha, kinachopokea amri kutoka makao makuu na kuilinda serikali kwanza. Walichojijengea nyumbani sicho walichowajengea wengine.

Nguvu inapopita mpaka

Hata hivyo, itakuwa kosa kudhani kwamba mfumo huu huzaa malaika. Juni 1, 1985, polisi wa Wiltshire na wenzao kutoka kaunti nyingine waliuzuia msafara wa watu waliokuwa wakielekea kwenye tamasha la Stonehenge, mahali penye mawe ya kale. Zaidi ya watu 500 walikamatwa, magari ambayo pia yalikuwa makao yao yakavunjwavunjwa, na wengi wakapigwa marungu. Mwaka wa 1991 mahakama iliamuru baadhi ya waathiriwa walipwe fidia.

Tukio la pili ni gumu zaidi kwa dhamiri. Mnamo Machi 2011, afisa mwandamizi wa upelelezi alimhoji dereva wa teksi aliyeshukiwa kumteka nyara msichana mjini Swindon. Hakumpa onyo la kisheria wala nafasi ya kumwona wakili, akitumaini kwamba msichana angali hai. Mshukiwa aliwaonyesha polisi maiti ya msichana huyo, kisha akawapeleka palipozikwa mwanamke wa pili.

Mahakama ilikataa kulipokea ungamo hilo. Mshukiwa alifungwa kwa mauaji ya kwanza mwaka wa 2012, lakini familia ya mwanamke wa pili ilisubiri hadi 2016 ndipo akapatikana na hatia. Afisa mwenyewe alipatikana na utovu mkubwa wa nidhamu, akapewa onyo la mwisho, na baadaye akajiuzulu. Wako wanaomwona shujaa, na wako wanaosema kwamba sheria inayovunjwa kwa nia njema leo itavunjwa kwa nia mbaya kesho.

Aidha, Juni 2022 wakaguzi wa serikali waliiweka Wiltshire chini ya uangalizi maalumu baada ya kugundua udhaifu, ukiwemo wa kuwalinda watu walio hatarini. Ilitolewa chini ya uangalizi huo mwaka wa 2024. Malalamiko mazito dhidi ya maafisa nayo huchunguzwa na chombo huru cha kitaifa kilichoanza kazi kwa sura yake ya sasa Januari 2018.

Turudi Salisbury

Miezi miwili tu baadaye sumu ilipakwa Salisbury. Ilipobainika ni nini, uongozi wa upelelezi ulihamishiwa kwa mtandao wa kitaifa wa kupambana na ugaidi. Maafisa kutoka vikosi vingine walimiminika kusaidia, maana sheria inaviruhusu kuazimana askari. Polisi wa Wiltshire walibaki na kazi isiyo na sifa: kulinda vizuizi mchana na usiku, kuwatuliza wakazi, na kusimamia mji ulioogopa vishikio vya milango yake.

Juni 30 mwaka huo, katika mji jirani wa Amesbury, Dawn Sturgess aliugua baada ya kujipaka kile alichodhani ni manukato. Chupa ilikuwa na Novichok. Alifariki Julai 8. Mwanzoni polisi walidhani tena ni dawa za kulevya, na kikosi hicho baadaye kiliiomba radhi familia yake kwa jinsi alivyoelezwa. Uchunguzi wa umma kuhusu kifo chake, uliochapisha ripoti yake Desemba 2025, ulihitimisha kwamba shambulio dhidi ya Skripal liliidhinishwa na Rais Vladimir Putin wa Urusi.

Kikosi kilichozaliwa kwa hofu ya vibarua wenye njaa kimefika umbali huo. Kimekosea, kimeaibishwa, kimekaguliwa na kurekebishwa. Kilichokiweka hai kwa zaidi ya miaka 180 si ubora wa askari wake pekee, bali ni kwamba anayekilipa siye anayekiamuru, na anayekiamuru siye anayekihukumu. Pale mikono hiyo mitatu inapokuwa ya mtu mmoja, raia hana pa kukimbilia. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Polisi nao hawalelewi na mkono mmoja.