Mali Bila Daftari: Raha ya Kukusanya Mashairi

Wako watu wakusanyao stempu, na wako wakusanyao sarafu za kale. Mimi tangu ujana wangu nakusanya mashairi ya Kiswahili ya karne ya ishirini. Nina madiwani, nina vipande vya magazeti vilivyogandishwa madaftarini, nina kaseti, na nina karatasi chache zenye khati za Kiarabu, zile tulizofunzwa chuoni. Wengi huniuliza, je, faida yake ni nini?

Raha ya kwanza ni kuvisikiliza vitabu vikibishana. Chukua kitabu cha Sheikh Amri Abedi, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, cha mwaka 1954, ukiweke ubavuni mwa *Kichomi* cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1974. Wa kwanza ameshikilia vina na mizani. Wa pili ameviacha. Baina yao ni miaka 20 tu. Mimi ni mtu wa vina, na kwangu shairi lisilo vina ni mchuzi usio chumvi. Hata hivyo *Kichomi* ninacho, tena nakisoma, kwani mkusanyaji hawaweki awapendao peke yao.

Raha ya pili ni kukijua kitabu kilikopitia. Bwana Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake, *Kenya: Twendapi?*, akatoka mwaka 1972. Mle gerezani alitunga mashairi akayaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni. Yakachapwa mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*, na mwaka 1974 yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga! Nduguye, Ustadh Ahmad Nassir, alikuwa ameshatoa *Malenga wa Mvita* mwaka 1971. Tungo za Ustadh nyingine ziliimbwa na marehemu Juma Bhalo, na kwa hivyo mwenye kitabu asiye na kaseti ana nusu ya mtunzi.

Ama vitabu ni kisima tu. Bahari ilikuwa magazetini. *Mambo Leo* lilianza Dar es Salaam mwaka 1923, na *Baraza* likatoka Nairobi tangu 1939 hadi 1979. Humo malenga waliulizana na kujibizana, huyu yuko mji huu na yule mji wa mbali. Jibu bila swali lake ni ufunguo usio kufuli. Wallahi, sijui furaha ipitayo kuviunganisha viwili hivyo baada ya miaka.

Lakini umri wa gazeti ni siku moja, na kesho yake hufungiwa bajia. Ramadhani moja nilinunua zangu, nikaona karatasi ina shairi zuri, ila ubeti wa mwisho, wenye jina la mtunzi, umeliwa na mafuta. Mpaka leo silijui lilikuwa la nani.

Tusidhani hasara hiyo ni ndogo. Muyaka bin Haji alifariki yapata mwaka 1840, na diwani yake ikachapwa na Hichens mwaka 1940. Katika miaka 100 hiyo, walioyaokoa mashairi yake ni wakusanyaji: Mwalimu Sikujua wa Mombasa na Mwingereza W. E. Taylor. Lau wasingaliyaandika, leo tungalikuwa na jina la Muyaka na beti chache za vibarazani.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujatupa makaratasi ya marehemu babu, yafunue kwanza. Ukilikuta shairi, liandikie jina la mtunzi, gazeti na tarehe, uliweke mbali na mchwa na unyevu wa masika. Mzee aliye hai muulize sasa: hili lilikuwa likimjibu nani? Mali bila daftari hupotea bila habari.